Difu ya Shosho Nduta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka moyo wangu bado unaruka kama wa kijana. Ilikuwa siku ya matope. Si matope haya ya kuchafua viatu, bali matope ya kumeza gari mpaka kwenye milango. Nimesikia umenunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na marafiki zako wanakwambia uichomelee difu ya nyuma ili usikwame tena maishani. Basi kabla hujawasha hiyo mashine ya kuchomelea, kaa hapa, mimina chai, nikusimulie habari za Shosho Nduta.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza kukomaa nilipokuja Nairobi kutoka kwetu ziwani. Nilipanga chumba mtaa wa Kawangware, steji ya 46, kwenye ploti ya mama mmoja Mkikuyu aliyeitwa Nduta. Wapangaji wote, Wajaluo kwa Waluhya, tulimwita Shosho kana kwamba tulikuwa wajukuu wake wa damu. Kazi yangu ilikuwa kwenye gereji ya jua kali karibu na steji ya 56. Nilikuwa kijana mwenye mikono mizuri na mdomo mkubwa. Mdomo nimeupunguza, mikono Mungu ameniachia.

Shosho alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na hakukosa ibada ya Jumapili hata mvua ikinyesha mawe. Lakini nyuma ya ploti, chini ya kibanda cha mabati, alikuwa na kitu alichokipenda karibu sawa na kanisa: gari kuukuu la kijani, linalovuta kwa magurudumu manne kama lako, aliloachiwa na marehemu mumewe. Mzee huyo alikuwa dereva wa malori ya mbao, na enzi zao alimfundisha mkewe kuendesha msituni, kwenye njia ambazo hata punda angezifikiria mara mbili. Kwa gari hilo Shosho alikwenda kila wiki kwenye shamba lake la viazi, ng'ambo ya vilima vya Ngong. Masika yaliyotangulia alikwama njiani kutwa nzima mpaka akaja kuvutwa na maksai. Tangu siku hiyo mwanawe Kimani, aliyefanya kazi ya ofisi mjini, hakumpa amani.

"Maitu, umezeeka," alimwambia mama yake Jumamosi moja pale uani, kwa sauti ambayo ploti nzima ilisikia. "Hilo gari tuliuze."

"Liuzwe nikishakufa."

"Ndiyo ninachoogopa! Kwamba nitaitwa siku moja nije nikutoe kwenye matope ukiwa maiti."

Usimdhanie vibaya Kimani, mwanangu. Hofu yake ilikuwa hofu ya mtoto anayempenda mama yake, na hofu ya namna hiyo haina adabu, hupayuka popote.  Shosho akasema jambo lililonifanya niache kufua nguo na kusimama na sabuni mkononi.

"Atiriri, sikiliza, Kimani. Kuna mashindano ya magari ya matope kule mbele ya Ngong, masika haya. Nitaingia. Nikifika juu ya kile kilima kwa magurudumu yangu, bila kuvutwa na mtu, sitaki kusikia tena neno kuuza. Nikikwama, nitakupa funguo mwenyewe, mbele ya watu wote."

Kimani alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mama yake hacheki. "Sawa," akasema polepole. "Mbele ya watu wote."

Alipoondoka nilimwuliza Shosho, "Na fundi wako atakuwa nani?"

"Kwani ulidhani nilikupa chumba kwa sababu ya sura yako?"

Yawa! Usiku huo sikupata usingizi kwa furaha.

Sasa, wewe unajua difu hufanya kazi gani. Hugawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Ni kitu cha busara sana barabarani, lakini kwenye matope ina ujinga wake: gurudumu moja likiteleza, nguvu yote hukimbilia huko huko. Linazunguka bure kama pia ya mtoto, na lile lililokanyaga pagumu linakaa kimya kama mgeni. Hicho ndicho kilichomkwamisha Shosho. Na mimi, kama hao marafiki zako, nilikuwa na jibu moja tu: chomelea! Ukizichomelea gia za ndani ya difu, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja, na hakuna la kumwachia mwenzake kazi. Kesho yake nikaja na mashine ya kuchomelea nimeibeba kwenye mkokoteni, nikipiga mluzi.

Shosho alikuwa anachambua mchele mlangoni. Akaweka ungo chini.

"Njoo hapa. Nishike mkono."

Nikamshika. Akaubana mkono wangu kwapani mwake kama bibi harusi. Wapangaji wakaanza kutoa vichwa madirishani.

"Mguu wangu ukienda, wako uende. Hatua sawasawa, usizidishe, usipunguze. Twende."

Tukatembea moja kwa moja kutoka bombani kuelekea lango, bega kwa bega, vizuri kabisa.

"Sasa tupige kona. Hatua zibaki zilezile!"

Alikuwa upande wa nje, mimi wa ndani. Mwanangu, jaribu siku moja utaona. Yeye alihitaji kwenda mbali zaidi, mimi sikuwa na pa kuweka mguu. Nikamvuta, akanivuta, tukaparamia kamba ya nguo, na nikaenda chini pamoja na shuka za jirani. Ploti nzima ilivunjika mbavu. Shosho mwenyewe alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, lakini alipomaliza kucheka uso wake ulibadilika.

"Umeelewa? Wa nje ana safari ndefu, wa ndani ana fupi. Ukituchomelea, kila kona mmoja wetu ataumia. Kati ya hapa na kile kilima kuna lami na kona ngapi? Wewe Ouma unapenda kupata dawa moja uinywe maisha yako yote. Kitu kinachofungwa kisifunguke tena si kifungio. Ni jeneza. Nitafutie kinachofunga na kufungua."

Maneno hayo yaliniingia. Nikarudisha mashine gereji bila mluzi.

Tulitafuta, mwanangu! Tulizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu kutoka 56 mpaka mtaa wa Satellite, Shosho mbele na mkoba wake wa kanisani, mimi nyuma. Mwishowe, kwenye rundo moja huko Satellite, tukakuta ekseli ya gari la watalii lililokuwa limepinduka, gari la ukoo mmoja na letu. Nilipofungua mfuniko wa difu nilipiga ukelele mpaka mwenye duka akadhani nimeumwa na nyoka. Ndani mlikuwa na kifungio cha upepo! Kilikuja na pampu yake ndogo, na swichi ya kuweka kwenye dashibodi. Ukiibonyeza, upepo unasukuma chuma ndani ya difu na magurudumu mawili yanashikana. Ukiirudisha, yanaachana, kila moja linakwenda safari yake. Nikataka tutafute kingine cha mbele, Shosho akakataa. "Mbele ni pa kuchagua njia, nyuma ni pa kusukuma. Ukifunga mbele usukani utakuwa mzito, na mikono yangu si ya Kimani."

Nikakifunga nikiimba. Jioni tukalipeleka gari kwenye mteremko wa mtoni, penye matope mazuri. Shosho akashika usukani, mimi nikakaa upande wa swichi. Nikafunga. Gari likanguruma, likapanda kama mbuzi! Nikapiga dirisha makofi. Na hapo hapo, nyuma yetu, ukasikika mlio kama wa bunduki. Kwa hofu nikarudisha swichi. Magurudumu ya nyuma yakafa yote mawili, likabaki kujikokota kwa yale ya mbele mpaka nyumbani, taratibu, kama mtu aliyefiwa.

Nilipofungua ekseli nikakuta shafti ya upande mmoja, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, imekatika vipande viwili. Shosho akavifunga kwenye leso kama ugali wa safari. "Twende Kibera," akasema.

Kibera, upande wa Makina, kulikuwa na mkerezaji wa vyuma aliyeitwa Wanyama. Usifikiri alikuwa mtu mnyenyekevu. Alivaa tai chini ya ovaroli, na sauti yake ilishinda mashine. "Mimi nikikereza chuma," alitupokea, "chuma chenyewe husema asante!" Kisha akakishika kile kipande, akakigeuza. Akakipeleka mlangoni penye mwanga.

"Mama, hii haikukatika jana."

"Tuliisikia kwa masikio yetu," nikasema.

"Mlisikia mlio tu. Tazama palipokatika. Nusu ni nyeusi, nusu inang'aa. Hii nyeusi ni ufa wa zamani, umekuwa ukila chuma kidogo kidogo wala hakuna aliyeinama kutazama. Inayong'aa ndiyo ya jana."

"Usipoziba ufa," Shosho akaguna, "utajenga ukuta."

"Na ufa ulianzia wapi? Hapa, shafti inapotoka unene kwenda wembamba kwa kona kali. Chuma hakipendi kubadilishiwa maisha ghafla, mama. Kinataka kuteremshwa polepole." Kisha akanigeukia mimi. "Nyinyi mmeweka kifungio, sivyo? Difu ya zamani ilikuwa mvivu, na mvivu havunji jembe. Gurudumu likiteleza ilikuwa inaacha kazi. Sasa mmeleta mchapakazi, anaweza kuumwagia upande mmoja nguvu yote ya injini. Mtu akiongeza nguvu bila kuongeza mifupa, atavunjika."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeanza kupaka rangi nyumba isiyo na nguzo. Kamba hukatikia pembamba, na mimi sikuwa nimetafuta pembamba ni wapi.

Wanyama alitukerezea shafti mbili kutoka kwenye chuma cha shafti ya lori, na kila mahali penye badiliko la unene akapalainisha pakawa kama shingo ya mtungi. Nikamwomba pia atutengenezee sahani nene za nje, zile zinazoshikanisha shafti na gurudumu kwa meno yake. Akatikisa kichwa mpaka tai ikayumba.

"Hizo ziache kama zilivyo. Ukifanya kila kitu kigumu, siku ya kuvunjika kitavunjika kilicho ndani kabisa, na hicho ndicho ghali na ndicho kigumu kufikia. Lazima pawe na mahali pa kuvunjika. Chagua wewe mwenyewe, na uchague mahali spana inapofika. Na kitu kingine, kijana: shafti ilipokatika, nani alikwambia ufungue kifungio? Kikiwa kimefungwa, upande mmoja ukifa, ule mwingine bado unavuta!"

 Hilo mimi na Shosho hatukuwa tumeliwaza.

Basi siku ikafika! Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kile kilima kilikuwa cheusi, kinang'aa kama mgongo wa kiboko. Magari yalikuwa mengi, mengine mapya yenye matairi marefu kuliko kiuno changu, na watu wake walikuwa wakarimu, wakatuonjesha kahawa na kulizunguka gari letu wakiuliza maswali. Wanyama alikuja na tai mpya. Kimani alisimama pembeni, mikono mifukoni, viatu vya ofisini vimeanza kulowa. Shosho alivaa gambuti na kitambaa chake cheupe cha kanisani. Kabla ya kuingia garini aliinamisha kichwa kidogo, akaomba.

Gari moja lililotutangulia liliishia katikati, likizunguka na kurusha udongo juu kama chemchemi. Lililofuata likafika, watu wakashangilia. Kisha wakatuita.

"Nifunge?" nikauliza tulipoanza kupanda.

"Bado."

Matope yakaanza kutushika. "Shosho, nifunge!"

"Bado, nimesema! Tupite kwanza hii kona."

Alikuwa anaisikiliza injini kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua. Akaipita kona, akanyoosha usukani, na mlima ukasimama mbele yetu kama ukuta.

"Sasa!"

Nikabonyeza. Ngai! Nililisikia gari likijikusanya. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakauma pamoja, tukaanza kupanda. Polepole, mwanangu, lakini hatusimami! Matope yalipiga kioo, Shosho akatoa kichwa dirishani aone njia, kitambaa cheupe kikawa cheusi. Nilisikia watu wakipiga mayowe, na juu ya mayowe yote sauti ya Wanyama: "Hiyo shafti ni yangu! Ni yangu hiyo!"

Tukakaribia kileleni kabisa. Na hapo, paa! Chuma kikalia nyuma, upande wa kushoto.

Mkono wangu uliruka wenyewe kwenye swichi. Shosho akauchapa kofi ambalo bado nalisikia.

"Usifungue!"

Gari likayumba, likateleza kidogo kwenda nyuma. Nikafumba macho. Meno ya sahani ya kushoto yalikuwa yamelika yote, gurudumu lile halikuwa na nguvu tena. Lakini kifungio kilikuwa kimeshika, na mzigo wote ukahamia shafti ya kulia, chuma kile cha lori chenye shingo ya mtungi. Shosho hakukanyaga mafuta kwa hasira kama ambavyo ningefanya mimi. Alikanyaga kidogo. Akangoja. Akaongeza kidogo. Gurudumu la kulia likapata jiwe chini ya matope, likalishika, pua ya gari ikainuka, nikaona mbingu tupu, kisha pua ikashuka, na tulikuwa juu.

Tulikuwa juu! Nilitoka nikaanguka kwenye matope na kubaki hapo nikicheka na kulia. Kikombe hatukupata, alikipata kijana mmoja aliyepanda kwa kasi kuliko sisi, naye ndiye aliyekuja wa kwanza kumpa Shosho mkono. Sahani niliibadilisha hapo hapo, kwa spana na jasho kidogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini nikwambie kuhusu Kimani. Nilimwona akipanda kilima kwa miguu, mikono chini, suti imeharibika, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope. Alifika mbele ya mama yake akihema. Nilidhani atamlaumu. Alimtazama kutoka gambuti mpaka kitambaa.

"Maitu," akasema, "nifundishe."

Shosho akamtazama miguuni. "Kwanza vua na hicho kingine."

Masika yale yote, Kimani alimwendesha mama yake shambani, na alipochoka mama akamwendesha yeye. Neno kuuza halikutajwa tena.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Usichomelee difu. Tafuta kifungio kinachofunguka, ukitumie kwenye matope na ukifungue ukifika lami. Na msimamo wako vilevile. Kuna siku mtu lazima afunge asiachie, hata akisikia kitu kimelia nyuma yake. Lakini siku nyingi za maisha ni kona tu, na kwenye kona mwenzako lazima apewe nafasi ya kwenda mwendo wake. Umeoa juzi; hilo utalielewa kabla ya gari.

Kabla hujajiongezea nguvu, iwe kifungio, iwe cheo, iwe mzigo wa watu, inama utazame mifupa yako kwenye mwanga. Ufa ukiuona leo si aibu, ni bahati. Wala usijidanganye kwamba utakuwa mgumu kila mahali. Kila mtu ana pa kuvunjikia. Mwenye busara huweka pale ambapo rafiki anaweza kufika na kumsaidia, hafichi ndani kabisa. Na ukiona mzazi wako anang'ang'ania kitu, usimcheke haraka. Panda ukaone anachokiona.

Nenda sasa. Kesho nitakuja tuifungue hiyo ekseli pamoja, nina hamu kama mtoto. Mungu aishike mikono yako isichoke, akupe mvua ya kuotesha na njia ya kurudi nyumbani, na akuwekee daima mtu wa kukuchapa kofi la mkono unapotaka kuachia mapema. Amina, mwanangu.